Kwa nini risasi ya .375 ya mwaka 1912 bado haijastaafu porini?

Kijana wa Matandu, Liwale:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni dereva katika kambi moja ya uwindaji wa kitalii huku Liwale. Kazi yangu inaishia kwenye usukani, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiuliza jambo ambalo kwa wenye bunduki huenda ni la darasa la kwanza. Kila mgeni anaposhuka kwenye ndege, kabla hatujapakia mizigo, bunduki zake hutolewa kwenye makasha na namba zake hulinganishwa na zilizoandikwa kwenye kibali, nami nimejizoeza kuchungulia maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Msimu uliopita tulipokea wageni saba waliokuja kwa ajili ya nyati, na watano kati yao walibeba .375 H&H Magnum. Wa sita alikuwa na .416 Rigby, wa saba .458 (namba hizo ni unene wa risasi kwa inchi).

Mwindaji bingwa wetu aliniambia kwamba risasi hiyo ya .375 ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Jibu hilo limenikaa kichwani hadi leo. Mwaka 1912 Lindi ilikuwa bado chini ya Mjerumani, na watoto waliozaliwa wakati wa Majimaji walikuwa hawajabalehe. Gari ninaloliendesha lina umri wa miaka kumi na miwili tu na vipuri vyake vimeshaanza kuadimika. Iweje risasi iliyovuka karne iendelee kutengenezwa, na bunduki mpya kabisa ziendelee kuundwa kwa kipimo chake? Je, ni nguvu zake, ni mazoea, ni sheria, au ni fahari ya mtu mwenye fedha kushika kitu kilichoshikwa na babu zake?

Kuna swali dogo lililojificha ndani ya hilo. Mjomba wangu wa Nachingwea, ambaye kwa miaka mingi aliwinda kongoni na nguruwe pori kwa leseni, anasema risasi za kisasa zenye mwendo mkali, kama 7 mm Remington Magnum anayoipenda yeye, zimeifanya .375 kuwa kitu cha makumbusho. Naomba mnisaidie kumjibu, au mnisaidie kukubaliana naye.

Mzee wa Nyayo, Kilwa Masoko:

Marahaba mwanangu, na salamu zangu zimfikie mjomba wako. Nilifanya kazi ya askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na sita, sehemu kubwa kati ya Mto Matandu na Mto Mbwemkuru, na sasa nimestaafu, navua samaki kwa mshipi. Mjomba wako yuko sahihi kuhusu kongoni na amekosea kuhusu nyati.

Kongoni aliyepigwa vibaya hukimbia ili akuache. Nyati aliyepigwa vibaya naye hukimbia, lakini mara nyingi huenda akasimama kwenye kichaka au kwenye matete, amegeukia kule alikotoka, na wewe unayefuata nyayo ndiye unayekwenda kumkuta. Akiwa amesimama ubavu, ametulia, hatua sitini kutoka kwako, risasi nyingi zinaweza kumuua kama mpigaji anajua moyo uko wapi. Akiwa anakujia uso kwa uso, kilicho kati ya risasi yako na uhai wake ni pembe zilizoungana juu ya paji, ni msuli wa shingo, ni mfupa wa bega. Akiwa anakupa mgongo, ni tumbo zima lililojaa majani mabichi, ambayo huikamata risasi kama mchanga unavyokamata gurudumu. Hapo mwendo mkali peke yake haukusaidii kitu. Unahitaji risasi nzito, ndefu kuliko unene wake, ambayo haivunjiki wala haikengeuki. Ile ya .375 iliyozoeleka ina uzito wa greni 300, yaani karibu gramu 19 na nusu, nayo huondoka mtutuni kwa mwendo wa mita 760 hivi kwa sekunde. Ya mjomba wako inaikimbia kwa mwendo, lakini uzito wake ni kama nusu tu.

Sasa usikimbilie kusema kwamba basi jibu ni nguvu. Kama lingekuwa nguvu, wageni wako wote saba wangebeba .458, ambayo risasi yake ina greni 500, yaani gramu 32. Sisi kazini tulikuwa nazo .458, na nitakueleza nilichokiona.

Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yamekomaa, tembo waliingia kwenye mashamba ya kijiji kimoja karibu na Matandu kwa usiku wa tano mfululizo, na walikuwa wameshamuua mzee mmoja aliyejaribu kuwafukuza kwa debe. Tulitumwa wawili. Mwenzangu, ambaye sitamtaja, alikuwa jasiri kuliko mimi katika kila jambo ninaloweza kulikumbuka, lakini bega lake lilikuwa limeshajifunza woga. Risasi za mazoezi zilikuwa chache, bunduki yake ilikuwa na kitako kifupi kuliko mikono yake, na kila alipoivuta ile .458 ilimpiga teke la shavuni. Kwa hiyo alikuwa na tabia, ambayo mwenyewe alikuwa haijui, ya kufumba macho na kuusukuma mtutu mbele kabla mlio haujatoka. Alfajiri tuliwakuta tembo hatua thelathini kutoka kwetu. Alipiga. Risasi ikapita juu ya ubongo, kwenye ule mfupa wa kichwa cha tembo ulio na matundu kama sega la nyuki, na dume lile likapiga magoti, likainuka, likageuka. Mimi nilikuwa na .375 yenye risasi ngumu, zile zisizopasuka. Nilimpiga ubavuni mwa kichwa, kati ya jicho na tundu la sikio, alipokuwa anageuka, akaanguka pale pale.

Sikuwa hodari kumshinda mwenzangu. Nilikuwa na bunduki ambayo bega langu lilikuwa halijaichukia. Teke la .375 ni kama mara mbili ya lile la bunduki ya kawaida ya .30-06, na mtu mzima mwenye afya akifundishwa vizuri anaweza kulizoea, la .458 linapanda tena kwa karibu nusu nzima juu ya hilo, na wengi hujidanganya kwamba wamelizoea.

Jambo hili halijaanza kwetu. Yule Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu la akiba, na ambaye kaburi lake liko Beho Beho alikouawa na risasi ya Wajerumani tarehe 4 Januari 1917, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 akiwa na gobole kubwa lililotema risasi ya karibu robo ratili. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba mateke ya magobole yale yalimvuruga neva na kumharibia shabaha kwa miaka mingi, hata akahamia bunduki nyepesi zaidi. Kama mateke yalimshinda Selous, mwanangu, mimi ni nani?

Fundi wa Shangani, Mtwara mjini:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Naomba niongeze upande wa chuma, kwa sababu niliwahi kufanya kazi na fundi wa bunduki mwenye leseni, na kijana ameuliza kwa nini kitu cha mwaka 1912 bado kinatengenezwa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana Kiswahili chetu kimeyaita yote "risasi" na ubishi mwingi unaanzia hapo. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kuna ganda la shaba nyeupe au ya njano. Kuna baruti ndani ya ganda. Na kuna fataki nyuma, inayogongwa na kiwashio. Umaarufu wa .375 uko kwenye ganda. Lichukue mkononi ulitazame: lina urefu wa milimita 72 na ushee, mwili wake unapungua unene kuelekea mdomoni kama muhogo, na mabega yake yamelala badala ya kukatika ghafla kama ya chupa ya bia. Walioliunda hawakufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Baruti ya Waingereza ya wakati ule ilikuwa katika nyuzi ndefu kama tambi, na ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba joto la jua likizidi, shinikizo ndani ya bunduki linazidi pia. Ganda likivimba kwa shinikizo linang'ang'ania ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linamokaa ganda, kama ukoko kwenye sufuria, na hapo nyati anakuja nawe unahangaika na komeo. Kwa hiyo wakatengeneza ganda kubwa lenye nafasi, ili shinikizo libaki chini, na wakalipa umbo la muhogo ili likilegea kidogo tu liwe limeshaachia. Umbo hilo hilo hulifanya liteleze kuingia chembani bila kukwama. Mtu anayewinda Liwale mwezi wa Oktoba, bunduki ikiwa imelala nyuma ya gari juani, anafaidika na hesabu iliyopigwa kwa ajili ya joto la India na Afrika kabla bibi yake hajazaliwa.

Mabega yakilala kiasi hicho, hayawezi kulizuia ganda kwa uhakika lisizame sana ndani ya chemba. Ndiyo maana wakaliwekea ukanda, yaani ile pete nene iliyo kwenye kitako cha ganda. Na hapa ndipo ninapotaka kumchokoza mjomba wa kijana. Ukanda ule na ukubwa ule wa kitako uliigwa na Wamarekani, wakalifupisha ganda, wakalipanua au kulibana mdomo, wakapata familia nzima: .458 Winchester Magnum mwaka 1956, 7 mm Remington Magnum mwaka 1962, .300 Winchester Magnum mwaka 1963. Holland wenyewe walikuwa wameshaizaa .300 yao mwaka 1925 kwa ganda hilo hilo. Kwa maneno mengine, 7 mm anayoisifia mjomba ni mjukuu wa .375. Amemtukana babu kwa kumsifia mjukuu.

Sababu nyingine ni ya kibiashara, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua ipi iishi na ipi ife. Mwanzoni Holland waliihodhi risasi hiyo iwe yao peke yao, lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliiruhusu itumiwe na watengenezaji wengine. Marekani ikaanza kuitengeneza, na mwaka 1937 Winchester wakaitia kwenye bunduki yao ya Model 70, ambayo mtu wa kawaida wa kule aliweza kuinunua bila kuuza shamba. Fikirieni ilivyokuwa kwa ndugu zake. Zile .470, .465 na nyingine za mitutu miwili zilitegemea kiwanda cha Kynoch cha Uingereza, na Kynoch walipopunguza na hatimaye kuacha kuzitengeneza kuanzia miaka ya 1960, bunduki zenye thamani ya nyumba zikabaki mapambo ya ukutani. Hata .416 Rigby ya mwaka 1911, ambayo ni nzuri ajabu, ilipitia njaa hiyo. Ile .375 haikulala njaa hata mwaka mmoja, kwa sababu ilikuwa na walezi pande zote mbili za bahari.

Kuna sifa moja zaidi inayosimuliwa sana na ambayo nimeishuhudia kwenye bunduki kadhaa, ingawa si zote: ukibadilisha kichwa cha greni 300 ukaweka cha 270 au cha 235, hupiga karibu mahali pale pale kwa umbali wa kawaida wa kuwindia. Mgeni aliyelipia nyati, pofu na swala katika safari moja anaielewa thamani ya jambo hilo, kwani hataki kukaa asubuhi nzima akirekebisha darubini.

Mjukuu wa Mmwera, Nachingwea:

Habari zenu ndugu zangu. Nawaheshimu mzee na fundi, lakini naona mnaipamba bibi harusi. Naomba nimtetee yule mjomba, ambaye huenda ni jirani yangu.

Kijana aliuliza kama ni sheria, na hakuna aliyemjibu. Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni sheria. Kanuni zetu za uwindaji wa kitalii zimeiweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, na nchi nyingine kadhaa za Afrika zimechora mstari karibu na hapo hapo. Mtu anayetaka bunduki moja tu itakayokubalika atanunua kile kilicho kwenye mstari. Hiyo ni busara ya kuvuka mpaka, na sioni uchawi wowote ndani yake.

Chukueni mfano wa 9.3x62 ya Mjerumani. Iliundwa Berlin mwaka 1905 na Otto Bock, mahsusi kwa ajili ya walowezi na maofisa wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na koloni kubwa kuliko yote lilikuwa hili letu. Iliingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, bei yake ilikuwa nafuu, na kwa nyati ilifanya karibu kila kinachofanywa na .375, ikiwa na teke dogo zaidi. Unene wa kichwa chake ni milimita 9.3, wa .375 ni milimita 9.5. Kwa tofauti hiyo isiyofika hata robo ya milimita, moja iko ndani ya mstari na nyingine iko nje. Mjerumani angeshinda vita ile, leo tungekuwa tunajadili kwa nini 9.3 haijastaafu.

Na habari ya nguvu nayo tuitazame. Mskoti mmoja, Walter Bell, aliua zaidi ya tembo elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7 yenye teke la kawaida kabisa, kwa sababu alikuwa amepasua mafuvu ya tembo akajifunza ubongo ulivyokaa. Mzee ametueleza kisa kizuri, lakini kisa chake chenyewe kinathibitisha kwamba shabaha ndiyo iliyoua. Basi kwa nini tuisifu .375 wakati tunayepaswa kumsifu ni mpigaji?

Mzee wa Nyayo, Kilwa Masoko:

Mjukuu wangu, umesema vizuri na sehemu kubwa nakubali, hasa hiyo ya 9.3, ambayo nilimwona mwindaji mmoja akiitumia mpakani kwa Ruvuma na sikuona nyati aliyeibishia.

Lakini Bell aliwinda wakati tembo walikuwa hawajamjua mtu mwenye bunduki. Alikuwa na uhuru ambao askari hana wala mgeni hana: akiona pembe ya risasi haifai, alikaa chini akasubiri, au aliondoka akarudi kesho. Askari hawezi kusubiri, maana nyuma yake wamesimama wanakijiji wanaotazama mahindi yao yakikanyagwa. Mgeni naye amelipia siku kumi, ya tisa imefika, na anayemlenga yuko nusu nyuma ya mti wa mninga. Watu hao wawili watapiga risasi ambazo Bell asingezipiga. Kwa hiyo wanahitaji bunduki inayosamehe kidogo, na wakati huo huo isiyowaumiza kiasi cha kuhitaji msamaha mara mbili. Tangu nizijue bunduki, sijaona iliyokaa katikati ya mambo hayo mawili kama .375. Mtu akiwa na bega la .416 na achukue .416, sitambishia. Ninayemwogopa ni yule mwenye bega la .375 anayebeba .458 kwa sababu rafiki zake wanamtazama.

Mama wa Dungu, Newala:

Samahanini wazee wangu, mimi si mwindaji. Nimeolewa huku Newala, nalima mihogo na korosho, na nimelala kwenye dungu la shambani miaka mingi nikilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Wanaojua habari za huku wanakumbuka kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 katika Tanzania, na mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Nguruwe pori walikuja kwa ajili ya mazao, simba wakaja kwa ajili ya nguruwe, na sisi tulikuwa tumelala katikati yao.

Nimesoma habari zenu za gramu na teke, na kuna usiku mmoja umenirudia. Simba alikuwa ameonekana nyuma ya nyumba ya jirani, na askari aliyeletwa alikuwa na bunduki kubwa ya aina hii mnayoizungumza. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tunachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Simba alisimama wazi kabisa, mwezi unamulika, na askari hakupiga. Tulimlaani kimoyomoyo. Akasubiri mpaka simba alipotembea kuelekea kwenye mikorosho, ndipo akapiga mara moja. Kulipokucha tulimuuliza kwa nini alituchelewesha, akatuonyesha kwa kidole: nyuma ya pale aliposimama simba mwanzoni kulikuwa na nyumba mbili za udongo, zimejaa watoto. Akasema, "Risasi yangu haijui kusimama ndani ya simba."

Swali langu ni hili: kama nguvu yake ni kubwa kiasi cha kutoboa simba na ukuta, inafaa kweli kuletwa kijijini?

Fundi wa Shangani, Mtwara mjini:

Dada yangu, pole kwa miaka hiyo. Yule askari alijua kazi yake, na alichokisema ni sahihi kabisa.

Simba hana ngozi nene wala mifupa mizito kama ya nyati. Ukimpiga kwa kichwa kigumu, kile kilichoundwa kisipasuke ndani ya fuvu la tembo, kitapita upande mmoja na kutokea upande wa pili kikiwa na nguvu nyingi bado, na ukuta wa udongo hautakizuia. Kwa simba hutumika kichwa chenye ncha laini, ambacho kikigusa nyama hufunuka kama uyoga, hupanuka, na huimalizia nguvu yake ndani ya mnyama. Hata hivyo hakuna mwenye akili anayekitegemea kisitoke kabisa, ndiyo maana alimngoja afike kwenye mikorosho.

Jambo hili linarudi kwenye swali la kijana kwa njia ambayo sikuifikiria mwanzoni. Kwa kuwa .375 imetumika kwa muda mrefu na katika nchi nyingi, vichwa vyake vinatengenezwa vya kila aina: vya ncha laini sana, vya ncha laini vyenye msingi mgumu, na vya shaba tupu visivyopasuka. Askari mmoja mwenye bunduki moja anaweza kubeba vya tembo mfuko wa kulia na vya simba mfuko wa kushoto, mradi asivichanganye gizani. Ile .458 iliundwa kwa ajili ya wanyama wazito na wa karibu, na ilianza na matatizo yake. Kwa sababu ganda lake lilifupishwa ili liingie kwenye bunduki za kawaida, baruti ilibidi ishindiliwe, na katika miaka ya mwanzo ilikuwa ikigandamana kama sukari iliyopata unyevu, risasi ikatoka na nguvu pungufu. Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, na baadaye akaunda ganda refu zaidi linaloitwa kwa jina lake. Baruti za sasa zimeondoa kasoro hiyo, lakini jina la .458 lilichafuka kwa muda, na wengi waliokimbia walirudi kwa .375.

Mjukuu wa Mmwera, Nachingwea:

Haya, hapo kwenye vichwa vya aina nyingi nimenyoosha mikono. Kwa mtu mwenye bunduki moja nakubali. Kwa mwindaji bingwa anayemlinda mgeni, ambaye kazi yake ni kumsimamisha mnyama hatua kumi kutoka miguuni pake, bado nasema abebe kikubwa zaidi, na nadhani mzee hatanipinga.

Mzee wa Nyayo, Kilwa Masoko:

Sikupingi. Huyo alipwe na bega lake liumie.

Kijana wa Matandu, Liwale:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nilimpigia mjomba simu jana usiku nikamsomea yote. Alinyamaza kwa muda pale nilipofika kwenye habari ya babu na mjukuu, kisha akasema fundi ana mdomo mrefu, kisha akaniuliza .375 iliyotumika inauzwa shilingi ngapi. Nimeshindwa kumjibu.

Nina jambo moja la mwisho. Msimu uliopita niliokota ganda tupu la .375 karibu na Matandu, nikaliweka juu ya dashibodi kama kumbukumbu. Baada ya kumsoma fundi nilipima urefu wake kwa rula ya mtoto wa shule, nikapata milimita 72 na kidogo, na ukanda niliuona. Nimefurahi kama mtu aliyekutana na ndugu.

Fundi wa Shangani, Mtwara mjini:

Furaha yako naielewa, mdogo wangu, lakini kesho asubuhi mrudishie mwindaji bingwa ganda hilo. Wewe huna leseni ya silaha, na siku utakaposimamishwa kwenye kizuizi na mkaguzi akaliona juu ya dashibodi, utatakiwa kueleza historia yote hii ukiwa umesimama juani, na yeye hatakuwa na muda wa kusikiliza habari za mwaka 1912.